Nilivyoiharibu Albamu ya Pili

Kitu cha kwanza kunipotea kilikuwa herufi "s". Sikujua kwamba imepotea. Nilifikiri watu wameanza kuzungumza kivivu. Mke wangu aliponiambia sukari imeisha, mimi nilisikia kitu kama "ukari imeiha," nikamwambia afungue mdomo anapoongea, yeye ambaye amewafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa miaka yote ya ndoa yetu. Wiki chache baadaye aliniacha jikoni na sufuria ya presha yenye githeri ya mahindi na maharagwe, akaenda kuanua nguo kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Aliporudi, jiko lilikuwa limejaa moshi na mimi nimeketi palepale mezani nasoma gazeti.

"Hukusikia ikipiga filimbi?"

"Haijapiga. Hiyo kitu yako imeharibika."

Akanunua nyingine. Ile ya zamani, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, alimpa jirani.

Naanza na hayo kwa sababu watu huku kwetu wana maelezo mengi kuhusu albamu ya pili ya mwimbaji mmoja niliyemfundisha, albamu ambayo haikutoka. Wengine husema alikosana na mapromota. Wengine husema aliolewa na mwanajeshi wa kigeni kule Nanyuki akamfuata kwao. Wapo wanaosema aliokoka akaacha nyimbo za dunia. Nimekaa kwenye viti vya kinyozi nikayasikia hayo yote, au nusu yake, na sikuwahi kumsahihisha mtu. Albamu haikutoka kwa sababu yangu.

Nilikuwa na studio mjini Nyeri, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la blanketi na sare za shule. Jengo lilikuwa la familia ya Kihindi iliyokaa mjini tangu babu zao, na mama mwenye duka alizungumza Kikuyu safi kuliko watoto wangu. Blanketi zilizofunika kuta zangu zilitoka kwake, zile zenye madoa ambazo hazingeuzika. Kabla ya studio nilikuwa mwalimu wa kwaya, nikizunguka makanisa ya Karatina, Mweiga na Naro Moru. Huko Naro Moru ndiko nilikomkuta, msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, aliyesimama mstari wa nyuma kwa sababu viatu vyake vilikuwa vya kuazima na hakutaka vionekane. Nilimleta mbele. Tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, na hata alipokuwa mtu wa kupigiwa makofi hakubadilisha.

Albamu yake ya kwanza tuliirekodi haraka, kama mchezo. Nyimbo za kucheza, nusu Kikuyu nusu Kiswahili, kuhusu wanaume wasiopokea simu na mashemeji wanaokuja bila taarifa. Ilishika. Ukitoka Sagana hadi Nanyuki, ulikuwa unaisikia kwa wauza samaki, kwa mafundi wa viatu, kwenye mabaa ya nyama choma na kwenye harusi za watu wa kanisa ambao wangekana kuijua. Alinunua nguo nzuri, akawajengea wazazi wake choo cha ndani na jiko lenye bomba la moshi. Halafu akaacha kuja kwa muda mrefu kidogo.

Aliporudi ilikuwa msimu wa baridi, ule ambao Nyeri hukaa wiki nzima bila kuliona jua. Alikuja na daftari la shule lenye jalada la kijani. Hakuvaa kama msanii. Aliketi kwenye benchi akanisomea maneno ya nyimbo kumi na moja, bila kuimba. Hapakuwa na wimbo hata mmoja wa kucheza. Kulikuwa na wimbo wa mama anayechuma majani chai huku akijadiliana na Mungu kwa adabu. Kulikuwa na mwingine wa msichana wa hoteli anayejifunza kucheka kwa lugha ya wageni. Na kulikuwa na wimbo wa baba yake, aliyebeba mizigo ya wapanda mlima kwa miaka thelathini, akapoteza vidole vitatu vya mguu kwa baridi, na hakuwahi kufika kileleni kwa sababu wabeba mizigo huachwa kambini kulinda hema.

"Hii watu watacheza aje?" nilimuuliza, nikijifanya mfanyabiashara.

"Hawatacheza, Mwalimu. Wataketi chini."

Tukaanza. Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi, na mpiga gitaa kutoka Karatina, mtu wa makamo, mkimya, mwenye masikio makali kupita yeyote niliyewahi kufanya kazi naye. Siku ya kwanza tu niliona shida. Sauti ya mwimbaji ilinijia kama imefunikwa. Ile ncha iliyomfanya ajulikane, ule ukali mdogo mwishoni mwa neno uliokuwa unakukwaruza kifuani, haukuwepo. Nilibadilisha maikrofoni. Nilibadilisha waya. Nilizitoa blanketi ukutani nikazirudisha. Mwishowe nikaamua kwamba ni yeye, kwamba kuimba hotelini Nanyuki usiku baada ya usiku kumemfanya mvivu.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia.

"Maneno hayaji mbele. Rudia."

Hakuwahi kubishana. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi leo. Mtu aliyekuwa anaimba mbele ya uwanja mzima alisimama kwenye kile chumba cha blanketi akarudia mstari mmoja mara ishirini, thelathini, kwa sababu Mwalimu amesema. Alikunywa maji moto yenye tangawizi na limau, akakohoa, akarudi kwenye maikrofoni.

Siku tuliyorekodi wimbo wa baba yake, alimleta mzee mwenyewe. Alipanda ngazi polepole, mguu mmoja ukitangulia kila daraja, akaketi kwenye benchi na kofia yake ya sufu mapajani. Binti aliimba mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Mzee hakufuta machozi. Aliyaacha yakateremka tu. Mpiga gitaa aliweka gitaa chini. Mimi nilikuwa nimeinamia spika, na nilichosikia ni sauti nzito isiyo na ncha.

"Vizuri," nikasema. "Sasa turudie."

Mzee akaniangalia. "Kwani hapo amekosea wapi?"

"Hajakosea, Baba. Ni mambo ya mitambo."

"Mzee," mpiga gitaa akaniambia kwa upole, "hiyo ilikuwa safi kabisa. Tusiiguse."

Nikamwambia kazi yake ni gitaa.

Binti akarudia mara kumi na nne mbele ya baba yake. Jioni, baada ya wote kuondoka, nilifanya nilichokuwa nikifanya kila siku: nikafuta zile za mwanzo nikabakiza za mwisho. Diski ilikuwa inajaa, na nilijiambia kwamba mwimbaji huwa bora kadiri anavyorudia.

Nilipata kujua ukweli siku ya kazi, adhuhuri, mwimbaji akiwa amekwenda Naro Moru kupumzika. Kuna mlio wa majaribio ambao mafundi wa sauti hutumia kupima spika. Huanzia chini kama ngurumo ya lori, ukapanda taratibu mpaka uwe mwembamba kama mlio wa mbu. Niliuwasha ili nithibitishe kwamba spika zangu ndizo mbovu. Ukapanda, ukapanda, halafu ukakatika, kama mtu amefunga mlango. Lakini taa za kwenye mtambo ziliendelea kuwaka kijani. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Nikaketi nikizitazama zile taa.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Ni mama mwenye duka, mikono yote miwili masikioni.

"Nini hiyo inalia hivyo? Wateja wangu wanakimbia! Zima!"

Nikazima. Akashusha mikono, akanitazama usoni, na nadhani alielewa, kwa sababu sauti yake ilibadilika.

"Wewe hukuwa unasikia?"

"Nilikuwa najaribu mitambo," nikasema.

Ningeweza kusimama hapo. Ningempigia mwimbaji simu siku ileile, nimwambie, "Mami, sauti yako haina shida, ni masikio yangu." Angehuzunika, angenipa pole, angempelekea mtu mwingine kazi hiyo. Nimeijaribu simu hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini nilikuwa na miaka hamsini na mbili na kusikia ndiyo kazi pekee niliyoijua. Niliogopa kuwa mtu ambaye watu humwongelesha kwa sauti ya juu na kumsahau. Nikajiambia kwamba nikimfanya aimbe kwa nguvu zaidi, nitaipata ile ncha. Kwa hiyo aliporudi nilimwambia, kwa utulivu kabisa, nikijua ninachokifanya:

"Wiki hii tutasukuma. Imba kama mtu aliye ng'ambo ya bonde."

"Koo inaniuma kidogo, Mwalimu."

"Itazoea."

Sauti ilikatika siku ya nne, alasiri, tukiwa tunaurudia tena wimbo wa baba yake. Alipanda kwenda noti ya juu, mdomo ukabaki wazi, na uso wake ukashtuka kabla yangu. Mpiga gitaa aliacha kupiga. Yeye akashika shingo, akatema mate kwenye leso, akaifungua na kuitazama. Kulikuwa na uzi wa damu.

Daktari wa koo alisema mshipa umepasuka kwenye kamba ya sauti kwa sababu ya kulazimishwa. Akamwamuru anyamaze wiki sita, asinong'one hata kidogo. Nilimtembelea kwao. Mama yake alinipa chai na kunishukuru kwa kumjali binti yake. Yeye aliketi karibu na moto, akafungua lile daftari la kijani, akaandika kitu na kunigeuzia nisome: "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea," nikamwambia. Na hapo nikaishia. Nilikunywa chai yangu yote.

Katika zile wiki zake za ukimya niliichanganya albamu peke yangu. Niliipandisha ile sehemu nyembamba ya juu ya sauti yake mpaka nikaanza kuisikia ile ncha tena, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilicheka peke yangu kwenye kiti. Nilidhani nimemrudisha. Nikamwambia mpiga gitaa apange watu wachache wasikilize, na meneja wa hoteli moja Nanyuki, aliyempenda mwimbaji tangu zamani, akatupa ukumbi wake mchana mmoja. Walikuja mtangazaji wa redio, wafanyabiashara wawili na wahudumu wa hoteli waliokuwa wamemaliza zamu. Mwimbaji alikuwa ameruhusiwa kuzungumza kidogo. Sauti ilikuwa imerudi kama karatasi ya msasa.

Nikabonyeza. Mimi nilisikia wimbo mzuri. Niliwatazama ili nione wanaupokeaje, nikaona mtangazaji akikunja uso, mhudumu mmoja akiziba sikio kwa kiganja, kisha mwingine. Mwanamke mmoja aliinuka akatoka nje. Meneja alinifanyia ishara kwa mkono, punguza, punguza. Nikapunguza, nikapoteza kila kitu, lakini wao bado walikuwa wamekunja nyuso. Mpiga gitaa alikwenda akachomoa waya.

"Ni hii spika ya hoteli," nikasema.

Mwimbaji alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Halafu akaliinua lile daftari akaufunika nalo mdomo wake. Niliyaona macho yake yakibadilika, mashavu yakisogea kidogo. Alikuwa anasema kitu. Watu wote ukumbini walikisikia, kwa sababu walinigeukia wakangoja jibu langu.

Sikuwa nimesikia hata neno moja.

Akalishusha daftari. "Tangu lini?" akauliza, na hilo nililisoma midomoni.

"Tangu kabla tuanze," nikasema. "Lakini nilijua baadaye."

"Kabla sauti ikatike ama baada ya kukatika?"

Ningeweza kudanganya tena, na nilihisi uongo ukija wenyewe, laini, umeshazoea njia. Lakini mpiga gitaa alikuwa ananitazama.

"Kabla," nikasema.

Hakupiga kelele, hakuwa na sauti ya kupigia kelele. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Meneja aliwaomba watu watoke. Mpaka leo sijui ni maneno gani aliyoyasema nyuma ya daftari. Mpiga gitaa anayajua, nami sijawahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Niliwapa mwimbaji na mpiga gitaa diski yote. Mpiga gitaa alikaa nayo mwezi mzima kwake Karatina, akijaribu kuokoa chochote, na yule ni mtu anayeweza. Alikuja nyumbani kwangu na ile diski, akaketi mkabala nami ili nimwone midomo, akazungumza polepole.

"Mzee, kuna shida. Rekodi za kwanza ziko wapi?"

Nikakunja gazeti lililokuwa mezani.

"Zile ziko kwa diski ni za mwisho mwisho. Sauti imechoka. Unasikia koo ikikwaruzana, unasikia akimeza mate kwa uchungu. Siwezi kuondoa hiyo. Zile za kwanza, hata ile ya siku baba yake alikuja, ziko wapi?"

"Nilifuta."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Akageuka akarudi nayo jikoni.

Daktari alimfanyia mwimbaji upasuaji mdogo, lakini kovu lilibaki. Anaweza kuzungumza, kwa sauti ya chini inayokatikakatika. Hawezi kushika noti. Alijaribu mwaka mzima, kwa mazoezi, kwa maombi, kwa dawa za miti kutoka kwa mwanamke mmoja wa Mweiga, kisha akaacha.

Baba yake alifariki msimu wa mvua ndefu uliofuata, kwa kifua. Nilikwenda mazishini nikaketi nyuma kabisa, chini ya hema la mwisho. Wabeba mizigo wenzake walikuja wengi, wazee kwa vijana, wamevaa makoti ya kupandia mlima waliyoachiwa na wageni, rangi za machungwa na buluu zilizofifia. Mlima wenyewe haukuonekana. Ulikuwa ndani ya mawingu tangu asubuhi. Yule aliyekuwa anaongoza ibada, mtu aliyetoka mbali na asiyejua habari, alimwita binti wa marehemu, "msanii wetu," aje amwimbie baba yake wimbo wa mwisho.

Nilidhani atakataa. Aliinuka. Alitembea hadi mbele, akashika maikrofoni, akaisogeza mdomoni kwa namna ileile niliyomfundisha akiwa na miaka kumi na sita. Niliuona mdomo wake ukifunguka. Nikaona mabega yakipanda, pumzi ikiingia, shingo ikikazana. Safari hii wasiosikia hawakuwa mimi peke yangu. Watu walianza kutazamana. Mama yake aliziba uso kwa leso. Binti alijaribu tena, na mara ya tatu, kisha akairudisha maikrofoni mahali pake kwa uangalifu, akarudi kuketi. Mbeba mizigo mmoja mzee alianzisha wimbo wa kanisa, wengine wakamfuata, nami nikaona midomo mingi ikifunguka na kufungika kwenye ule ukungu.

Sasa nina vifaa vya masikio. Vinaleta kelele zaidi kuliko sauti. Watu wote huzungumza kama wako ndani ya mkebe. Studio niliifunga. Mama mwenye duka ameifanya ghala la sare, na huwa hanitazami sana usoni ninapopita kumsalimu.

Mwaka jana nilimfuata mwimbaji Nanyuki. Anafanya kazi katika sehemu ya kufulia ya hoteli moja, kwenye mvuke, mahali ambapo mashine hunguruma na hakuna anayetarajiwa kuzungumza. Nilimngoja wakati wa mapumziko, tukasimama kando ya kamba zenye mashuka. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikayasema yote: kwamba nilijua, kwamba niliogopa, kwamba sitafuti kusamehewa. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akikunja foronya moja, kisha nyingine.

Nikamwambia mpiga gitaa anafikiri nyimbo mbili tatu zinaweza kutolewa hivyohivyo zilivyo, watu wangeelewa.

Akaacha kukunja. Alisogea karibu, kwenye kifaa changu cha kulia, ili nisipoteze neno.

"Mwalimu, usiwahi kumpa mtu yeyote asikie. Hata nikifa."

"Sawa."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kikapu cha foronya na kuingia ndani. Mimi nilibaki pale kidogo, halafu mlinzi akaja kuniambia kwamba sehemu hiyo ni ya wafanyakazi tu.